Kiti cha Safu ya Nne

Nilikuwa nimeshaamua kumkataa Burhani tangu Jumatano, wala sikulia. Nilishona madera manne ya wateja wa Iddi, nikapika wali wa nazi, nikalala fofofo mpaka alfajiri. Moyo wangu ulikwisha kuvunjwa mara moja, na mara ya pili mtu hana haja ya kuwaita majirani.

Leo ilikuwa Iddi pili, na jibu la posa lilikuwa linangojwa. Baada ya alasiri Shangazi Duni angempigia simu kaka yangu Bakiri kule Tanga, ambaye ndiye walii wangu tangu baba alipofariki, na Bakiri angewapelekea jibu wazee wa Burhani, Pangani. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Kilichobaki ni mimi kufungua mdomo.

"Na ukumbuke," Shangazi aliniambia asubuhi akijifunga mtandio mbele ya kioo, pini tatu upande huu, pini tatu upande ule. "Safari hii si kama ile ya kwanza. Mwari akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa yake. Mtalaka hana kimya. Mtalaka husema kwa ulimi wake, ndiyo au hapana, watu wasikie."

"Najua, Shangazi."

"Unajua, lakini u mzito wa kusema."

Ni kweli. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa waliniuliza nyuma ya pazia, mara tatu, kama nimeridhia kuolewa na mwanamume niliyemwona mara mbili tu. Sikuridhia. Nilinyamaza kwa sababu koo lilinikauka, na huko nje wakapiga vigelegele. Kimya kile kilinileta Johannesburg, kikanipa Saida, binti yangu wa miaka tisa, kikaishia kwenye karatasi ya talaka iliyoletwa na mtu baki. Miaka sita sasa. Saida simjutii. Mengine yote nayatazama kwa mbali, kama picha za harusi ya watu nisiowajua.

Burhani alinijia sauti kwanza, sura baadaye. Ni fundi lifti. Lifti ya jengo letu pale Hillbrow ilikwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane, mimi nimo ndani na mzigo wa vitambaa, mara ikaporomoka kidogo, ikasimama tena. Nikasema "Innalillahi" kwa sauti, na nje ya mlango mtu akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu, "Usiharakishe kujisomea, dada, bado upo upo kwanza." Kwa dakika arobaini alizungumza nami kupitia ufa wa mlango, akiniuliza kitambaa kipi hushonwa dera na kipi hushonwa gauni la harusi. Mlango ulipofunguka nikaona kijana ana grisi shavuni. Tangu siku ile sipendi kitu chochote kinachoporomoka. Burhani nilimpenda, na hilo sikumwambia mtu.

Shangazi hakumtaka. Kisa, nimemzidi umri kwa miaka mitatu, hajawahi kuoa, na anacheka sana. "Mwanamume anayecheka hivyo ana linalomchekesha," alisema. Nilimtetea kwa kunyamaza, kama kawaida yangu.

Halafu ikaja Jumatano. Clémentine, msusi wa Kikongo aliye chini ya jengo letu, alikuwa anamsuka Saida nywele za Iddi. Saida aliposinzia, akaniinamia sikioni.

"Mama Saida, mi siyo muntu wa kupenda mambo ya batu, hein. Lakini ule bwana wako nilimuona kule ku bustani ya michezo, tulipeleka batoto ba kanisa. Anapanda ile treni ya juu na mwanamuke. Wiki yenye ilifwata tukarudia na kundi ya pili. Tena yeye! Na mwanamuke mwingine. Banacheka!"

"Ahsante, Clémentine," nikasema. "Msuke na huku nyuma, pamelegea."

Jumamosi hizo Burhani aliniambia yuko kazini, Turffontein. Bustani ile ya michezo iko hatua chache tu kutoka Turffontein, juu ya mgodi wa zamani. Hata uwongo wake hakuutupa mbali.

Basi kwa nini nilikwenda naye huko Iddi pili? Kwa ajili ya Saida. Mwaka huu urefu wake ulikuwa umefika kwenye ule mstari mwekundu wa kuruhusiwa kupanda rola kosta, na alikuwa ameapa hapandi bila mama yake. Mwezi mmoja nyuma, tukiwa wote sebuleni, nilimjibu kwa mzaha, "Nitapanda siku mtakayonipatia kiti kisichotikisa." Mimi nilikuwa nakataa kwa adabu. Saida alipiga makofi. Burhani akasema kwamba kila chombo kina kiti chake cha upole, ni kukitafuta tu.

*

Tulipofika, Shangazi alisimama chini ya zile reli akaangaza juu. Treni ilikuwa inapanda taratibu, tak-tak-tak, ikafika kileleni, ikamwagika na watu wake wote wakipiga mayowe.

"Na hawa wamelazimishwa?" akauliza.

"Hapana, Shangazi," Burhani akasema. "Wamepanga foleni."

"Laa haula."

Alikuwa amevaa kanzu na kofia ya viua, mkononi kashika mfuko wa kaimati alizochovya mwenyewe, zimeshikana zikawa bonge moja. Alikuwa mzuri. Naliandika hili kama lilivyo, maana siku ile uzuri wake haukunisaidia kitu.

Foleni ilikuwa ndefu. Saida na Shangazi walitangulia, Saida akimsomea bibi yake bango la masharti: asiwe na ugonjwa wa moyo, asiwe na mimba, asiwe na maumivu ya mgongo. Shangazi alikuwa anajibu kila sharti kwa sauti. Nikaona nafasi ndiyo hiyo.

"Jumamosi tatu zilizopita ulikuwa wapi?"

"Kazini. Si nilikwambia?"

"Turffontein."

"Turffontein."

"Jengo gani?"

Akajikuna sikio. Burhani hajui kudanganya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba nilikuwa nimedanganywa na mtu asiyejua hata kudanganya.

"Biubwa, leo Iddi. Tupande kwanza, halafu nitakwambia kitu."

"Niambie sasa. Baada ya alasiri hakutakuwa na haja."

Kicheko kikamtoka usoni. "Una maana gani?"

"Umeonekana hapa. Na mwanamke. Kisha na mwingine."

"Nani kakwambia?"

"Aliyekuona."

Akanitazama. Macho yake ni ya hudhurungi, na mtu akikutazama hivyo katikati ya watu mia mbili unajisikia kama mko wawili tu na hewa ni haba. Sikuyakwepa. Nimejifunza kutokwepa macho, ni kazi ndogo, unatazama katikati ya nyusi.

"Na jibu umeshalipanga," akasema.

"Nimeshalipanga."

"Kwa maneno ya mtu. Hukuniuliza."

"Ndiyo nakuuliza."

"Hapana, mama Saida. Unanisomea hukumu. Kuuliza ni jambo jingine."

Iliniuma. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu aliisema polepole, bila kupandisha sauti, kama mtu anayemfungulia mlango aliyekwama. Siku tatu nzima nilikuwa nimejisifu kwamba silii. Sasa nilihisi machozi yako karibu, nikageuka nikayatazama mabango.

Foleni ikasogea. Tukafika juu, kwenye jukwaa la kupandia, ambako kila safu ya treni ina kigeti chake: saba zote, kila safu watu wawili. Msichana wa zamu, mwenye kofia ya kazi na ushanga shingoni, alikuwa anawapanga abiria. Alipomwona Burhani akapiga kofi, akamwaga Kizulu kingi huku akicheka. Saida naye akacheka.

"Anasema nini huyo?" Shangazi akauliza.

"Anasema, eish, mtu wa viti amerudi." Saida huongea Kizulu na Kiingereza kama maji, Kiswahili chake ndicho cha kuokoteza. "Anko Burhani anakuja Saturday, na Saturday, na Saturday. Amekaa safu zote. Kila safu kushoto, halafu kulia. Saa zingine anapanga foleni tena na tena, mpaka wanamjua jina."

Nikaona masikio ya Burhani yanabadilika rangi.

"Muulize alikuja na nani," nikamwambia Saida. Sauti yangu ilikuwa kavu.

Saida akauliza. Msichana akajibu kwa mikono na mabega, na Saida akatafsiri kila neno kwa furaha.

"Peke yake! Lakini hapa mtu wa peke yake wanampa mtu mwingine wa peke yake, kiti kisikae bure. Siku moja walimpa gogo mmoja, yaani bibi, aliimba nyimbo za kanisa mpaka mwisho, watu wote wakacheka. Siku ingine walimpa dada mmoja, akamtapikia viatu."

"Maskini," Shangazi akasema, sijui kwa nani.

Nilisimama pale na Jumatano yangu yote mikononi. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa kuketishwa karibu na bibi mwenye kuimba.

"Ndicho nilichotaka kukwambia tukishuka," Burhani akasema. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa sarafu ya randi tano, ile yenye picha ya nyumbu. "Lifti nikishaitengeneza huwa naisimamisha sarafu hii wima sakafuni, napanda nayo mpaka juu. Ikianguka, kazi haijaisha. Huku haiwezekani kuisimamisha. Kwa hiyo niliifumbata kiganjani. Nikishuka naangalia imenichora kiasi gani. Safu ya saba ilinichora nyumbu mzima na pembe zake. Ya kwanza, nusu nyumbu. Ya nne, upande wa kushoto, alama haikubaki." Akaiweka mkononi mwangu bila vidole vyake kunigusa. "Kiti chako ni kile. Kazini sikuwa. Hilo nilikudanganya, na nisamehe."

Mwanamume alikuwa ameporomoka mara kumi na nne na zaidi ili mimi niporomoke vizuri. Nilitaka kumwambia hivyo. Treni ikaingia, vigeti vikafunguka.

"Safu ya nne, mama na Saida," Burhani akapanga. "Mimi nitakaa ya tano, nyuma yenu hapa. Shangazi utatungoja pale chini, kuna kivuli."

"Nani angoje?" Shangazi akasema. "Bango nimelisikia. Moyo ninao mzima, mgongo ninao, mimba sina. Nami napanda."

"Shangazi!"

"Nitakaa nyuma kabisa, niwaone wote. Mlezi hakai mbele ya anaowalea."

"Shangazi yangu, nyuma ndiko kubaya kuliko kote," Burhani akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu. "Mbele wakishateremka, wa nyuma huvutwa na uzito wa treni nzima. Inarusha. Kaa ya tano, nikuachie."

"Unataka kuniondoa nyuma ili nisione nini?"

Akaenda. Mtalaka mwenye miaka thelathini na moja, posa iko mezani, na shangazi yake bado anamlinda asiguswe mkono kwenye rola kosta. Shangazi aliketi safu ya saba peke yake, mkoba kamkabidhi msichana, mtandio na pini zake sita. Msichana wa zamu akaanza kumtafutia mwenzake foleni, akaliashiria jitu moja lenye ndevu na fulana isiyo na mikono.

Burhani alikuwa tayari ameshika kigeti cha safu ya tano. Hatua moja tu angekuwa nyuma ya kisogo changu, akisikia ninavyopumua. Akanitazama, akatazama nyuma. Kisha akakiachia kigeti, akaliomba jitu samahani, akaenda kuketi kando ya Shangazi, pale alipopajua kuliko mtu yeyote.

*

Chuma cha kukaza mabega kikashuka. Saida akanishika mkono wa kulia, kushoto nikafumbata nyumbu. Tak-tak-tak. Upande mmoja nikaona vilima vya mchanga wa migodi, upande wa pili jiji lote limesimama wima. Nyuma nilimsikia Shangazi anasoma Ayatul Kursiyyi, na sauti ya Burhani ikimfuata neno kwa neno, taratibu.

Tukaporomoka.

Kiti kilikuwa cha upole, sisemi uwongo. Kilinibeba, kikaniinamisha, kikaniinua, wala tumbo halikunipanda. Watu wote walipiga mayowe. Saida alipiga yowe la raha lililonipasua sikio. Mimi nilinyamaza, meno nimeyafunga, na katikati ya zile kelele nikakumbuka pazia la Tanga, swali mara tatu, koo kavu. Nikajiona vilevile nilivyokuwa: mtu anayepelekwa, kimya, na wengine wakishangilia. Miaka sita nimejiita mwanamke mtulivu. Nilikuwa mwoga tu. Na nampenda huyu mtu, nikajiambia, nampenda, na kama sitasema leo atarudi Pangani kwa mama yake na viatu vyake vilivyotapikiwa.

Treni ikasimama.

Tulimkuta Shangazi amekaa vilevile, macho mbele, uso kama unga. Mtandio ulikuwa kichwani, haukusogea. Burhani alikuwa ameubana kwa mikono miwili, huku na huku, na mikono hiyo ilikuwa haijashuka bado.

"Pini zilitoka zote kwenye mteremko wa kwanza," Shangazi akasema, akiwa haangalii mtu. "Nikasema leo naonwa kichwa wazi na Johannesburg nzima. Kijana huyu akanishikia mtandio mpaka tumesimama. Yeye mwenyewe hakushika kitu. Amepiga kichwa kwenye chuma mara ngapi?"

"Mara tatu, Shangazi. Si sana."

"Nne. Nilihesabu."

Tukamshusha tukamweka kwenye benchi chini ya reli, kivulini. Burhani akanigeukia, akaonyesha kiganja changu. Nilikuwa bado nimekifumbata. Nikakifungua. Nyumbu alikuwa amechoreka mzima, pembe, mkia, kwato, mwekundu.

Uso ukamwanguka. "Nimekosea kipimo," akasema. "Wallahi Biubwa, ile safu niliipanda tena na tena. Samahani."

"Hukukosea. Kiti hakina kosa hata kidogo."

"Sasa hii?"

"Hii si ya kiti," nikasema. "Na usinidanganye tena, Burhani. Hata kwa jema."

"Sitakudanganya."

"Nami nitakuwa nauliza."

Alitaka kusema kitu, lakini Shangazi aliomba maji, na mtu aliyelelewa vizuri akisikia hivyo hukimbia. Alipoondoka, Shangazi alivuta simu kutoka mkobani.

"Alasiri bado," nikasema.

"Alasiri nitakuwa nimelala. Niliyoyataka kuyaona nimeyaona." Akabonyeza, akaweka sauti ya wazi. Kaka Bakiri alipokea, nyuma yake watoto wanagombania kitu cha Iddi. Wakasalimiana, wakaulizana mafua na mvua, mpaka nikadhani wamesahau. Kisha Shangazi akanisogezea simu mdomoni.

"Biubwa," kaka akasema. "Safari ile tulikuuliza tukaondoka na kimya chako. Mimi nilikuwepo. Sikupendezwa, nami sikusema. Leo nataka nikusikie. Umemridhia Burhani bin Salum?"

Koo likakauka, kama nilivyojua litakavyofanya. Nikameza mate.

"Nimeridhia," nikasema.

"Nini? Kuna makelele huko. Sema tena."

Juu yetu treni ilikuwa imefika kileleni. Nikavuta pumzi.

"Nimeridhia!"

"Sikusikii, dada! Mko wapi?"

Treni ikamwagika, watu kumi na wanne wakipiga mayowe juu ya vichwa vyetu, na mimi nikasimama kwenye benchi, mtalaka, fundi cherehani, mama wa mtu, nikapaza sauti kuwashinda wote.

"Nimesema nimeridhia, kaka! Namtaka! Burhani namtaka!"

Treni ikapita. Pakawa kimya, na jina lake likabaki hewani peke yake. Foleni nzima ilikuwa imegeuka. Katikati ya njia alisimama Burhani na chupa tatu za maji kifuani, hajui aziweke wapi, ana uvimbe kwenye paji la uso.

"Sasa nimesikia," kaka akasema kwenye simu.

Saida alikuwa ananitazama kutoka chini, mdomo wazi, bonge la kaimati mkononi.

"Lakini Mama," akasema, "kule juu hukupiga kelele hata kidogo."